Jibu Lile Liko Wapi?

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa somo la uraia mbele ya wavuvi, waanika dagaa na wenyeviti wa mitaa, Ujiji, Kigoma

Ndugu mwenyekiti wa mkutano, wazee wangu wa Ujiji, kina mama mliotoka Kibirizi na Katonga mkaacha dagaa juani, vijana wa vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa usiku, mliokatisha usingizi wenu wa mchana: shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu hamjambo.

Nimeletwa hapa na mama mmoja. Ni muanika dagaa, yupo humu ndani, na jina lake sitalitaja kwa kuwa hakunituma nilitaje. Siku moja alinisimamisha njiani, beseni kichwani, akaniamkia vizuri, kisha akasema: "Mwalimu, wewe ndiye unayesikiliza Bunge. Tuliambiwa habari zetu sisi waanikaji zimeulizwa Dodoma na Serikali imejibu. Sasa jibu lile liko wapi?"

Nikataka kumweleza habari za Hansard, kwamba kila neno linalosemwa Bungeni linaandikwa na kuhifadhiwa. Akanitazama tu. Hakuwa anauliza karatasi imewekwa kabati gani. Alitaka kujua mbona lile jibu halijafika mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa. Nilifundisha uraia miaka 31, nikawakaririsha watoto mihimili mitatu ya dola mpaka wakaiimba, na siku ile sikuwa na la kumwambia. Leo nimekuja kujaribu tena.

Tuanze na haki yenyewe, na hapa nitapita haraka kwa sababu wengi mnaijua. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 8, inasema lengo kuu la Serikali litakuwa ni ustawi wa wananchi, na inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba yetu, na silaha ya kwanza kabisa inayotajwa pale ni mbunge kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma lililo chini ya wajibu wake. Kwa hiyo mbunge akisimama kuuliza juu ya dagaa wenu, maji yenu au zahanati yenu, hajawafanyia hisani. Na waziri naye anapojibu hajawafanyia hisani.

Sasa niwaeleze linavyokwenda. Bunge likiwa limekaa, saa tatu asubuhi huanza kipindi cha maswali. Swali la msingi mbunge alishalipeleka kwa maandishi siku nyingi nyuma. Wataalamu wa wizara wameliandikia jibu, na waziri au naibu wake anasimama kulisoma. Hapo hakuna jipya sana, jibu lilishapikwa. Kinachofuata ndicho cha kusikiliza: muulizaji hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Mbunge aliyejiandaa huweka pale kwenye nyongeza kitu ambacho wizara haikukitegemea, jina la mwalo, tarehe, idadi ya watu. Mbunge asiyejiandaa hutumia nafasi ile kushukuru.

Nimesikiliza vipindi hivi tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 2016, TBC, shirika la utangazaji la taifa, iliposimamisha kurusha Bunge moja kwa moja, niliumia sana, maana redio ile ilikuwa darasa langu la pili. Katika miaka yote hiyo nimejifunza jambo moja ambalo nawaomba mlishike: swali huzaa jibu la aina yake. Ukiuliza "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wavuvi?" utajibiwa kwamba Serikali ina mpango. Na ni kweli, mpango upo. Serikali haikosi mpango. Uliomba mpango, umepewa mpango, umekaa. Ukiuliza "wangapi", "lini", "nani anahusika", "kiasi gani kimeshatoka Hazina", hapo jibu la mpango halitoshi, na kila aliye ukumbini ataona kwamba halikutosha.

Nichukue jambo letu wenyewe, mnalolijua kuliko mimi.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi, likafunguliwa tarehe 15 Agosti. Miezi mitatu. Sababu tuliyopewa ni kuliacha ziwa lipumzike na samaki wazaliane. Nami nasema wazi mbele yenu, na najua wapo humu watakaoninunia: sababu ile ilikuwa ya kweli. Dagaa wamepungua. Migebuka wamepungua. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mtumbwi unarudi alfajiri umeinama kwa uzito, na leo vijana wanazunguka usiku kucha na taa za sola wanarudi na ndoo mbili. Ziwa hili tunalitumia nchi nne, sisi na Burundi na Kongo na Zambia, na mkataba wa kulitunza ulisainiwa Dar es Salaam mwaka 2003. Hatuwezi kuvua kana kwamba upande wa pili hakuna watu, wala wao hawawezi.

Wataalamu wanasema pia kwamba maji ya juu yamepata joto kuliko zamani, na yakishapata joto hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye chakula cha viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 linaweza kuwa na shibe chini na njaa juu. Joto hilo halikuletwa na mama wa Katonga anayeanika kwenye chanja. Hilo nalo mliweke moyoni.

Basi tukubali kwamba kulipumzisha ziwa ni kwa manufaa ya wote. Atafaidi mlaji wa Dodoma, atafaidi mfanyabiashara wa Dar es Salaam, watafaidi wajukuu zetu. Sasa nauliza: gharama ya manufaa hayo ya wote ilibebwa na nani?

Tajiri mwenye vipe vitatu aliumia, simkatai. Lakini ana nyumba ya kupangisha, ana duka, ana pikipiki, miezi mitatu aliisukuma. Baharia wake hana chombo. Yeye huishi kwa mgao wa usiku, na usiku usipokuwepo mgao haupo. Kumbukeni kwamba wavuvi wa dagaa tayari hulala siku za mbalamwezi, kila mwezi wana siku zao za njaa ndogo, na hizo wamezizoea. Hii ilikuwa njaa ya mwezi mpevu iliyodumu miezi mitatu.

Chini ya baharia yupo mama muanikaji. Hamiliki mtumbwi, hamiliki wavu, hajaandikwa kwenye leseni yoyote ya uvuvi. Anakopa debe la dagaa mbichi kwa mali kauli, anaanika, anageuza, anafukuza kunguru, anauza jioni, analipa deni, kinachobaki ndicho unga. Chini yake yupo binti anayekuja kusaidia kugeuza dagaa kwa ujira wa siku. Na yupo mbeba mizigo, mama lishe wa mwaloni, fundi wa kushona nyavu, muuza barafu. Ukishuka hivyo utaona kwamba kadiri mtu alivyo mbali na umiliki wa chombo, ndivyo alivyokuwa mbali na orodha ya mtu yeyote. Anayehesabika ni mwenye leseni. Na asiyehesabika, akilia, kilio chake kinaandikwa wapi?

Haki ninayoisemea leo ndiyo hiyo. Ziwa lifungwe tu inapobidi. Lakini kama mzigo ni wa taifa zima, usiachwe kwenye kichwa kimoja, tena kichwa chenye beseni.

Na hapa ndipo nilipoanza kumwelewa yule mama. Fikirini mbunge wetu anasimama kuuliza habari ya waanikaji. Anamuuliza Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Waziri wa Uvuvi ana majibu mazuri juu ya samaki: kuzaliana, doria, nyavu haramu, ufugaji wa vizimba. Mama muanikaji akimuuliza habari ya deni lake la kikundi, waziri atasema, na atakuwa sahihi, kwamba mikopo ya vikundi iko TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ukienda TAMISEMI watasema mikopo inatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa hiyo nenda halmashauri. Ukiuliza habari ya kaya isiyo na chakula utaambiwa TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini. Marejesho ya benki utaambiwa Fedha. Kila mlango ni sahihi, na mama bado yuko nje.

Tazameni tarehe hizi, maana ndizo zilizoniumiza. Mikopo ile ya asilimia 10 Serikali iliisitisha Aprili 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Usitishaji ule ulikuwa na sababu. Ikatangazwa kwamba itarudi kuanzia Julai 2024 kwa utaratibu mpya, na Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji ikawa kati ya halmashauri 10 za majaribio ya kutoa mikopo hiyo kupitia benki. Sasa wekeni tarehe hizo kando ya zile za ziwa. Ziwa linafungwa Mei 2024, mlango wa mkopo wa halmashauri umefungwa tangu mwaka uliotangulia. Wizara moja ilikuwa na sababu ya kweli ya kufunga ziwa. Wizara nyingine ilikuwa na sababu ya kweli ya kufunga mikopo. Mama mmoja alifungiwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na hakuna waziri ambaye kazi yake ilikuwa kuviona vyote viwili kwa pamoja.

Ndiyo maana nasema swali la samaki lina wizara yake, lakini swali la haki halina wizara. Linaangukia katikati, pale milango inapokutana.

Je, hakuna wa kuulizwa? Yupo. Ibara ya 53 ya Katiba inasema mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, watawajibika kwa pamoja Bungeni. Kwa pamoja! Neno hilo nilikuwa nalipita darasani kwa dakika moja, leo ningelifundisha wiki nzima. Maana yake waziri hawezi kumwambia mbunge "hilo si langu" akakaa, kana kwamba Serikali ni nyumba ya wapangaji. Na ipo siku ya Alhamisi, maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambayo yamewekwa kwa ajili ya mambo ya sera yanayovuka wizara moja. Swali la nani abebe gharama ya kulipumzisha ziwa ni la Alhamisi. Mbunge wetu alipeleke huko.

Na kama Alhamisi haikutosha, kuna bajeti. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni wizara moja moja hupita mbele ya Bunge kuomba fedha, na Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri. Vijana mnacheka, lakini hilo ni jambo kubwa. Kushika shilingi ni kumwambia waziri: hupiti mpaka unieleze. Nimewasikia wabunge wakishika shilingi kwa ajili ya barabara, kwa ajili ya korosho, kwa ajili ya pamba, kwa ajili ya tumbaku ya wenzetu wa Tabora. Natamani nisikie imeshikwa kwa ajili ya mama anayeanika dagaa mchangani, na isiachiwe mpaka itamkwe tarehe.

Kabla sijaendelea, nikae kidogo kwenye lugha, maana ni kazi yangu. Majibu ya Serikali yana maneno ambayo wengi tunayasikia tukadhani tumepewa kitu. "Fedha zimetengwa." Kutenga ni kuandika kwenye kitabu cha bajeti kwamba zikipatikana zitakwenda mahali fulani. Hazijatoka. Baada ya kutengwa, Bunge huidhinisha. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, halafu Hazina hutoa, kidogo kidogo, na mara nyingi kwa awamu. Kisha zinapokelewa na halmashauri. Kisha zinatumika. Kutenga, kuidhinisha, kutoa, kupokea, kutumika: hizo ni hatua tano, na kila moja inaweza kuchukua msimu mzima wa mvua. Mtu akikwambia fedha zimetengwa, mwambie asante, kisha muulize: zimetoka?

"Kadiri fedha zitakavyopatikana." Hilo nalo ni jibu halali, nchi haina fedha za kila kitu. Lakini linahitaji swali la pili: wetu ni wa ngapi kwenye foleni? Kama wa saba, tuambiwe wa saba, tutasubiri kama watu wazima. Sisi Kigoma kusubiri tunajua. Tulisubiri umeme wa gridi ya taifa huku majenereta yakinguruma na kuzimika, mpaka ulipoanza kuingia mkoani mwaka 2022. Kusubiri tunakuweza, ila tunaomba tujue foleni inasogea.

"Mheshimiwa Mbunge avute subira." Hapo mbunge ana haki ya kuuliza subira hiyo ina miezi mingapi.

Nawaambia haya nikiwa na kidonda changu pia. Marehemu mama yangu alikuwa na kipande cha shamba chenye michikichi kando ya njia. Mradi mmoja wa umma ukapita, watu wakaja na kamba na rangi, wakahesabu michikichi, wakamsainisha karatasi. Wakati ule sikujua sheria. Baadaye, mwaka 2016, ikatungwa Sheria ya Uthamini, inayosema fidia ikipita miezi 6 bila kulipwa inaanza kudai riba, na uthamini ukipita miaka 2 bila malipo unafanywa upya. Mama alisubiri zaidi ya hapo. Tuliandika barua. Tulijibiwa kwa adabu kila mara, tena kwa karatasi nzuri yenye nembo: suala lako linashughulikiwa. Barua zile ninazo zote. Alipofariki, ya mwisho ilikuwa chini ya mto wake. Sikukosa majibu kwenye jambo lile, ndugu zangu. Nilikuwa na majibu sita. Sikuwa na mtu wa kuyapanga kwa tarehe na kumuuliza mkubwa mmoja mbele ya watu wote: la kwanza linasema hivi, la nne linasema vile, lipi tulishike?

Reli ya kisasa ya kutoka Tabora kuja hapa mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, na sisi sote tunaitaka. Wenye mashamba kwenye njia yake, karatasi zenu za uthamini zitunzeni, na tarehe muikariri kama siku ya kuzaliwa ya mtoto.

Sasa kuna watakaosema: mwalimu, kuuliza kuna gharama. Ni kweli, na Kigoma tunalijua hilo kuliko mikoa mingi. Mwaka 2007 mbunge wa Kigoma Kaskazini wa wakati huo, Zitto Kabwe, alipeleka hoja Bungeni akitaka mkataba wa mgodi wa Buzwagi uchunguzwe, mkataba ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa ameusainia London. Buzwagi iko Kahama, haiko kwetu. Agosti ile Bunge likamsimamisha kwa kusema kwamba alisema uongo. Novemba mwaka huo huo Rais Kikwete akaunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na mbunge yule aliyesimamishwa akateuliwa kuwa mjumbe. Mwaka 2010 ikapita sheria mpya ya madini, mrabaha wa dhahabu, yaani fungu ambalo mgodi hulipa Serikali, ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, tena ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi, kabla ya kuondoa gharama.

Siwaambii mpende chama gani, kila mtu ana kadi yake au hana. Nawaonyesha safari ya swali moja. Lilianza kwa mtu mmoja kusimama, likapita kwenye adhabu, likaishia kwenye sheria. Ilichukua miaka mitatu, na katikati watu hawakulisahau. Wangelisahau, adhabu ingekuwa ndiyo mwisho wa hadithi.

Nirudi kwa mama yetu. Jibu lile liko wapi? Nimefikiri sana, na naona jibu lilibaki Dodoma kwa sababu huku nyumbani hakuna aliyekuwa amekaa kulipokea. Mbunge ni mmoja, ana kata nyingi, ana maswali mengi, na akishauliza anahamia jingine. Waziri anabadilishwa, anayefuata hajui mwenzake aliahidi nini. Naibu katibu anahamishwa. Sisi tu ndio hatuhamishwi. Mwalo wa Kibirizi upo pale pale.

Kwa hiyo nimeleta daftari. Kaunta buku hili, la kurasa nyingi. Nimelipiga mistari mwenyewe. Safu ya kwanza, swali liliulizwa lini na nani. Ya pili, waziri gani alijibu, na maneno yenyewe aliyoyasema, siyo tuliyoyapenda kuyasikia. Ya tatu, tarehe aliyoitaja, na kama hakutaja tarehe, andikeni "hakutaja". Ya nne nimeiacha pana, hiyo ni ya nyie wa mwaloni: mmeona nini kwa macho. Vijana wenye simu watatafuta Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, mtu yeyote anasoma. Kina mama ndio mashahidi wa safu ya nne, kwa sababu wao ndio wako pale kila siku.

Mbunge akija, msimpokee kwa risala ya kurasa tano yenye kila kero tangu uhuru. Mpeni ukurasa mmoja wa daftari. Mwambieni: mheshimiwa, hapa Serikali ilisema hivi, leo hali ni hii, tunaomba ukaulize tena, na nyongeza zako mbili ni hizi. Atawashukuru. Na kama hatawashukuru, ukurasa mtabaki nao.

Nimejaribu kuandika swali la kwanza. Nitalisoma polepole, mnisahihishe.

"Je, ni mabaharia, waanikaji na vibarua wangapi wa mialo ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, wasiomiliki vyombo vya uvuvi, walioandikishwa kabla ya Ziwa Tanganyika kufungwa mwaka 2024, na kila mmoja wao alipata nini katika miezi ile mitatu?"

Nyongeza ya kwanza: "Kwa kuwa ziwa linaweza kufungwa tena kwa manufaa ya taifa zima, Waziri Mkuu yuko tayari kutaja wizara moja itakayobeba daftari la watu hawa, na tarehe ya kuanza kuwaandikisha?"

Nyongeza ya pili inasema: "Mwalo wa Kibirizi peke yake, kwa hesabu ya waanikaji wenyewe, una waanikaji..." Na hapo nimeacha wazi. Namba sina. Wizara ikiulizwa italeta yake, na sisi lazima tuwe na yetu mkononi siku hiyo, iliyohesabiwa chanja kwa chanja, jina kwa jina, pamoja na yule binti wa kugeuza dagaa kwa ujira wa siku.

Mama, uliyeniuliza njiani, nakuona pale nyuma. Njoo mbele, tafadhali. Mpisheni mama apite. Chukua daftari hili, na kalamu hii. Kibirizi mnaanza kuhesabu lini?